Nimpeleke binti yangu Malindi, au nimwache Pate na walimu wasiokaa?

BARUA

Assalaam alaykum Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa kisiwa cha Pate, Lamu. Kijiji sikitaji kwa sababu huku twajuana sote, na nyumba ya mwalimu mkuu na yangu zatenganishwa na kichochoro tu. Nasuka mikeka, na asubuhi nauza mahamri. Mume wangu ni mvuvi. Barua hii nimeiandika mara tatu, mbili nimezichana.

Jambo langu ni binti yangu wa pili. Ana miaka 13, yuko Gredi ya 8. Mtoto huyu apenda hesabu mapenzi ya ajabu. Jioni hukaa barazani na kipande cha mkaa, akawafundisha watoto wadogo wa mtaani kwa kuandika sakafuni, na ukimsikiliza wamsikia akiigiza sauti ya mwalimu wake aliyeondoka: "Haya, nani ataniambia?" Mimi hesabu zangu ni za mahamri na madeni ya watu. Siwezi kumsaidia.

Mwezi uliopita nilikuwa natafuta karatasi ya kuandikia madeni, nikafungua daftari lake la hesabu kwa nyuma. Nikakuta orodha. Ameandika majina ya walimu wote wa hesabu tangu Gredi ya 5, watano. Mbele ya kila jina kaandika muhula aliokuja, muhula alioondoka, na sababu. Wa kwanza: "kaolewa." Wa pili: "uhamisho." Wa tatu: "mgonjwa, karudi kwao." Wa nne: "hakusema." Wa tano ni huyu aliyeko sasa, na mbele ya jina lake ameacha wazi. Shangazi, niliketi chini na lile daftari nikasahau hata unga niliokuwa nimeukanda.

Huyo wa nne ndiye aliyemwasha moto. Alikuwa kijana wa Ukambani, akiwafundisha hata usiku kwa taa ya sola. Likizo ya Disemba akaenda kwao. Shule ilipofunguliwa watoto walikwenda gatini siku tatu mfululizo wakitazama kila boti. Hakurudi, na hakuna aliyetwambia kwa nini. Ikapita mihula miwili mizima hawana mwalimu wa hesabu, akiingia tu mwalimu wa Kiswahili kuwaandikia maswali ubaoni. Na kila mwalimu mpya akija huanza upya. Yale ya nusu na robo wamefundishwa mara tatu. Aljebra hawajawahi kuifikisha mwisho.

Huyu wa sasa ni msichana wa bara, mwanagenzi, wa ule mkataba wa mwaka mmoja. Afundisha vizuri na watoto wampenda. Lakini chumba alichopanga hakina maji. Jabia la maji limekauka, kisima kina chumvi, na kile kisima chenye nafuu lazima uamke saa tisa usiku upange ndoo. Siku moja akaniambia, "Mama, mimi ningeomba kubaki hapa, lakini nimechoka." Nilimwonea huruma, nikampa mahamri, basi.

Sasa dada yangu anayekaa Malindi, mtaa wa Barani, amenambia nimlete mtoto kwake. Shule iliyo karibu naye ina walimu wawili wa hesabu, na mmoja ana miaka 11 pale pale. Miaka 11, Shangazi! Kwetu hata mwalimu mkuu hajafika miaka 11. Dada ana watoto wanne na huuza chapati na maharage alfajiri, lakini moyo wake mkubwa, asema mtoto mmoja zaidi hawezi kumshinda.

Mume wangu hataki kusikia. Asema, "Mtoto wangu hatolelewa na watu. Akienda huyu hatorudi." Nikimuuliza kwa nini, hutoka akaenda kwenye mashua yake. Yeye mwenyewe alisoma Mombasa kwa ami yake miaka minne alipokuwa mdogo, na haipendi kuisema habari hiyo. Nadhani hajali elimu ya mtoto wa kike.

Na kuna aibu nyingine. Mimi ni mjumbe wa wazazi wa darasa. Familia nne zimeshatoa watoto wao, wawili wako Lamu mjini, wengine Mombasa. Mkutano uliopita ni mimi niliyesimama nikasema wazazi tusiwatoe watoto, tushikane. Mwalimu mkuu alinishukuru, akasema, "Mama, mkiwatoa wanaosoma mtaniachia nani?" Nikimpeleka wangu Malindi nitawatazama kwa macho gani?

Mimi naamini watu wa bara hawatupendi, ndiyo maana hawakai. Wakija wahesabu siku. Binti nimemuuliza ataka nini, akanijibu, "Mtakavyoona nyinyi." Muhula ujao unakaribia na dada asubiri jibu. Nisaidie, nifanye nini?

Mama wa Gredi ya 8, Pate


JIBU

Waalaykum salaam warahmatullah, mwanangu.

Pole sana, na ahsante kwa kutoichana ile ya tatu.

Nikueleze nilivyokuelewa, nawe unisahihishe nikikosea. Una mtoto mwenye kiu, na shule inayopata mwalimu ikampoteza. Una dada aliyefungua mlango na mume aliyeufunga. Na una maneno yako mwenyewe, uliyoyasema mbele ya wazazi wenzako, ambayo sasa yanakusuta. Umeniuliza yote kama swali moja, Malindi au Pate. Mimi nadhani yamefungwa fundo moja kwa sababu yamekuja wakati mmoja, na tukiyafungua taratibu utaona mengine si mazito kama yanavyoonekana usiku.

Lakini siwezi kuanza kabla sijasema juu ya lile neno, "hakusema." Kabla ya kazi hii ya kusikiliza watu nilikuwa mwalimu miaka mingi. Kituo changu cha pili kilikuwa mbali na kwetu, na nilikaa pale miaka miwili kasoro. Mama yangu aliugua, nikaenda likizo kumuuguza, na uhamisho nilioomba ukatoka nikiwa huko huko. Vitu vyangu niliviagizia lori. Sikurudi kuwaaga watoto. Nilijiambia watoto husahau upesi. Barua yako imenionyesha kwamba mahali fulani kuna daftari, nami nimo, na mbele ya jina langu pameandikwa neno hilo hilo. Kwa hiyo ninayokuambia hapa usiyachukue kama ya mtu aliyesimama nje ya orodha ya binti yako.

Umeandika kwamba watu wa bara hawawapendi. Hebu liangalie neno hilo pamoja nami. Wa kwanza aliolewa, wa tatu aliugua. Hao wangeondoka hata kama wangekuwa Nyeri. Wa pili alihamishwa. Wa nne hatujui, na hapo usipojua ndipo moyo unapojijazia wenyewe. Binti yako alikuwa wa kubebwa mgongoni mwezi Juni 2014, Mpeketoni na vijiji vya jirani huko huko Lamu viliposhambuliwa, wakauawa watu zaidi ya 60. Walimu wengi wasio wenyeji waliihama Lamu baada ya hapo, na shule za wadi ya Basuba, kule kwa Waaweer, zilifungwa kwa muda mrefu. Mwanzoni mwa 2020, walimu walipouawa Garissa, tume ya walimu ikawaondoa walimu wasio wenyeji katika sehemu za Garissa, Wajir na Mandera. Mama wa kijana wa Ukambani, akisikia mwanawe amepangiwa Lamu, hasikii Pate yenu yenye upepo na mahamri. Asikia hayo. Huenda yule kijana alikatazwa na mama yake kurudi, akaona haya kuwaambia watoto. Sijui. Nataka tu uache nafasi kwa sababu nyingine zaidi ya chuki.

Tena kuna utaratibu wenyewe, ambao hauna uso wa mtu. Kwa mujibu wa Kifungu cha 237 cha Katiba, kuajiri, kupangia kituo na kuhamisha walimu ni kazi ya tume ya walimu, TSC. Mwaka 2018 ilishika sera ya kuwapeleka walimu, hasa walimu wakuu, nje ya kaunti zao. Familia ziligawanyika, kilio kikafika bungeni, na baadaye sera ikalegezwa, walimu wengi wakaomba kurudi kwao. Kila mmoja alikuwa na haki yake, na mimi nisingemnyima. Ila kaunti iliyozaa walimu wengi ndiyo inayopokea wanaorudi. Kaunti iliyozaa walimu wachache, kama yenu, kazi yake ni kuwasindikiza gatini.

Na hasara yake ni kubwa kuliko kiti kilichobaki kitupu. Mwalimu huiva kazini. Mwaka wa kwanza nguvu zake zote huishia katika kunyamazisha darasa na kumaliza kitabu. Mwaka wa pili huanza kujua watoto hukwama wapi. Ukifika wa tatu, wa nne, anajua kwamba yule anayekosea aljebra kwa kweli hakuelewa nusu na robo, na anamrudisha pale bila kuwarudisha wote. Walimu wenu huondoka pale wanapoanza kuiva. Visiwa vinawafunza kazi, miji inakula matunda. Binti yako amefundishwa nusu na robo mara tatu kwa sababu hiyo, wala si kwa uvivu wa mtu yeyote. Kila mgeni hana budi kuanza pale anapoona pana usalama.

Tusiache pia upande wenu, mwanangu, nami nakuambia kwa mapenzi. Posho ya mazingira magumu mwalimu huyo akiipata haitachota maji kisimani. Msichana wa watu, peke yake, anaamka saa tisa usiku na ndoo, asubuhi asimame mbele ya darasa. Amekuambia kwa kinywa chake kwamba angebaki. Nadhani katika barua yako yote hilo ndilo neno ulilolipita haraka kuliko yote. Nitalirudia.

Sasa Malindi. Ninakuelewa unavyoshangaa kusikia miaka 11. Lakini kabla hujamfungia mtoto sanduku, uliza mambo mawili matatu. Sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi 9, iliingia katika shule za msingi Januari 2023, na masomo yake yanatakiwa yafundishwe na walimu waliosomea sekondari. Katika shule nyingi hao ni vijana, na wengi walianza kama wanagenzi wa Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Mwalimu wa miaka 11 huenda anafundisha Gredi ya 4, na hesabu ya Gredi ya 8 ikawa mikononi mwa kijana kama huyu wenu. Muulize dada yako aende shuleni yeye mwenyewe: nani hasa anafundisha hesabu Gredi ya 8, tangu lini, na darasa lina watoto wangapi? Shule za mjini hujaa. Mtoto mwenye kiu, akiwekwa nyuma ya vichwa 70 na mwalimu asiyemjua jina, anaweza kukauka akiwa karibu kabisa na maji. Wala usidhani Kilifi, kaunti ya Malindi, yote ni Barani. Magarini na Ganze kuna wazazi wanaolia kilio chako, na wao hutazama Malindi mjini kama unavyoitazama wewe.

Huenda majibu yakawa mazuri. Huenda yule mwalimu ndiye hasa, na darasa lina nafasi. Basi hapo Malindi inakuwa jambo la kweli la kupima, na upimaji wake unaanzia nyumbani kwa dada yako, shule baadaye.

Dada ana moyo, sina shaka. Lakini ana watoto wanne na biashara ya alfajiri. Mtoto wa kike wa miaka 13 katika nyumba ya chapati za alfajiri ataamshwa. Hataamshwa kwa ubaya. Ataamshwa kwa sababu yupo, ana mikono, na hawezi kusema hapana kwa mama yake mdogo aliyemfadhili. Mwezi wa kwanza atakunja chapati mbili, mwezi wa tatu atakuwa ndiye anayewasha jiko. Zungumza na dada yako wazi kabla, wakati bado mnacheka. Analala chumba gani na nani? Nyumbani kuna wanaume gani wakubwa, wa ndani na wa kuja? Asubuhi anafanya kazi gani na mwisho wake saa ngapi? Madrasa atakwenda wapi? Akiwa na siku zake atamwambia nani? Pesa za sabuni na daftari zitatoka kwako kila mwezi au zitatoka pale kisha zihesabiwe kimoyomoyo? Akitaka kurudi, mtamrudisha bila kumwita mshindwa? Ndugu huona haya kuulizana haya, na haya hiyo imeponza watoto wengi.

Kisha kuna njia. Wewe unaijua kuliko mimi: boti mpaka Lamu, kungoja maji yajae mpite Mkanda, boti nyingine mpaka Mokowe, halafu basi la Witu na Garsen. Wakati wa kusi kuna siku hamtavuka. Akiugua usiku wa Alhamisi utamfikia lini? Mimi simwogopeshi mtu. Nataka umbali huo uuhesabu kama unavyohesabu karo.

Tumfikie mume wako. Umesema unadhani hajali elimu ya mtoto wa kike. Inawezekana, wewe ndiye unayeishi naye. Lakini soma tena ulichoniandikia mwenyewe. Mtoto wa kiume alipelekwa mjini kwa ami yake, akakaa miaka minne, na mpaka leo ni baba mzima haipendi kuisema. Kisha anakuambia, "Mtoto wangu hatolelewa na watu." Mimi nasikia hapo mtu anayejua jambo. Hakusema lililompata, sawasawa na yule mwalimu. Labda alikuwa mtumishi wa nyumba akiitwa mwanafunzi. Labda alilia usiku hakuna aliyemsikia. Usimvamie kwa swali hilo, wala usimtume mtu amuulize. Ngoja akiwa anatengeneza nyavu, mikono ikiwa na kazi, umwambie tu kwamba ungependa kujua Mombasa ilikuwaje ili mtoto wenu yasimpate. Akikueleza, una mshauri bora kuliko mimi kuhusu nini cha kuagana na dada yako. Na kama kweli ni elimu ya msichana anayoipinga, hilo nalo litajitokeza, na utakuwa umelijua badala ya kulidhani.

Kuna hesabu ya muda pia, ambayo familia nyingi hazijaielewa vizuri. Mwisho wa Gredi ya 9 kuna mtihani wa KJSEA. Katika alama za kumpeleka mtoto sekondari ya juu, huo unabeba asilimia 60. Mtihani wa Gredi ya 6 unabeba 20, na tathmini zinazofanywa shuleni Gredi ya 7 na 8 zinabeba 20. Kwa hiyo tathmini za mwaka huu zinaingia katika hesabu, na ukimhamisha hakikisha alama zake na uhamisho wenyewe vimeingizwa sawasawa katika mifumo inayohusika kabla hajapanda boti. Gredi ya 10 ndipo atakapofuata mkondo wake, na ule wa sayansi na hesabu utamtaka awe amesimama imara katika aljebra hiyo hiyo isiyokwisha. Na kwa mtoto wa kisiwani, Gredi ya 10 mara nyingi ni bweni. Yaani huenda akaondoka hata hivyo. Unachoamua leo ni kama aondoke sasa, akiwa na 13, kwenda nyumba ya jamaa, au baadaye kidogo, kwenda shule yenye matroni na wasichana wenzake. Baadhi ya akina mama wakiliona hivyo huona bora kungoja. Wengine huona bora aanze kujengewa msingi sasa hivi, kwa kuwa mihula iliyobaki ndiyo michache yenye thamani. Nimewaona wa namna zote mbili, na nimeona wote wakipata na wote wakijuta.

Akibaki, asibaki hivi hivi. Kubaki nako kuna kazi yake. Huyu mwanagenzi mnaye mpaka mkataba uishe. Mwenye kumjua mwenye nyumba yenye jabia ni nyinyi, si tume. Kuna mjane mwenye chumba cha ziada? Wazazi wakipokezana, kila nyumba dumu mbili kwa wiki, mwalimu atalala mpaka alfajiri. Wapo pia vijana wenu waliomaliza vyuo vya ualimu wakakaa wakingoja kuajiriwa. Bodi ya shule inaweza kumchukua mmoja ashike hesabu, maadamu amesajiliwa na TSC, ijapokuwa mshahara wake utatoka mifukoni mwa wazazi na najua mifuko hiyo wakati wa kusi. Ombi la mwalimu wa kudumu huandikwa na mwalimu mkuu na bodi, likapita ofisi ya TSC ya kaunti ndogo. Msipoteze nauli kwa gavana kuhusu mwalimu wa hesabu, kaunti imepewa chekechea na vyuo vya ufundi. Lakini kuhusu maji nendeni, kwa wote. Lamu ilikuwa miongoni mwa kaunti 14 zilizotajwa kuwa zimeachwa nyuma wakati wa kupanga Hazina ya Usawazishaji, na Kifungu cha 204 kinachoiunda hazina hiyo kinataja maji kwa jina. Nyumba ya mwalimu yenye tangi inaweza pia kuombwa katika hazina ya eneobunge.

Sitakuficha hatari ya njia hii. Mnaweza kufanya yote haya, mkamchotea maji mpaka mabega yakauma, na Disemba mkataba wake ukaisha. Mwezi wa Januari 2025 wanagenzi wapatao 46,000 walipewa kazi ya kudumu, na mwalimu wa kudumu hutakiwa atulie miaka 5 kabla ya kufikiria uhamisho. Lakini ni tume inayoamua atatulia wapi, hata akipenda Pate kwa moyo wote. Utakuwa umempa binti yako mwaka mmoja mzuri na jina la tano katika orodha. Mwaka mmoja mzuri si mdogo. Pengine pia hautoshi.

Kuhusu aibu ya mkutano: uliposema tushikane ulisema kweli. Wanafunzi wakipungua shuleni, zile Sh15,042 za serikali kwa kila mwanafunzi wa sekondari msingi huwafuata wanakokwenda, na shule iliyopungua hupata shida zaidi kuomba mwalimu. Mwalimu mkuu hakutia chumvi. Lakini mwanangu, mzigo huo si wa mtoto wa miaka 13. Hawezi kuwa nguzo ya shule kwa kuwa ana akili. Ukiamua aende, nenda kwa mwalimu mkuu mwenyewe, mvuke kichochoro hicho kabla habari haijavuka, kisha uwaambie wazazi mkutanoni kwa mdomo wako kwamba umebadili, na kwa nini. Watakaonuna watanuna. Na ujumbe wa darasa unaweza kuendelea kuushika, una wadogo wengine watakaopita darasa hilo hilo.

Nimemwacha binti mwisho, kwa kuwa yeye nisiyemjua ndiye ninayemfikiria zaidi. "Mtakavyoona nyinyi" ni jibu la mtoto mwenye adabu aliyeulizwa swali la wakubwa. Anajua baba hataki, mama anataka, na jibu lolote ni kumchagua mmoja. Usimuulize tena Malindi au Pate. Mwambie kwanza kwamba uliiona ile orodha, umwombe radhi kwa kufungua daftari lake. Halafu muulize aliandika kwa ajili ya nini. Huenda anaitunza ili ajue kosa si lake. Mtoto aliyengoja gatini siku tatu anaweza kuwa amejiuliza hivyo bila kumwambia mtu. Muulize pia, kama ni yeye anayepanda boti, wale wadogo wa barazani angetaka waambiwe nini. Muulize mkiwa mnasuka, macho yenu wote wawili yakiwa kwenye ukili, wala usimharakishe. Utakachosikia hapo kiweke pamoja na yale atakayosema baba yake na majibu ya dada, ndipo mkae.

Na leo jioni, hata kama hujaamua lolote, mpelekee yule mwalimu dumu la maji, umuulize mkataba wake unaisha tarehe ngapi.